Orodha ya wapiga kelele tuifanyeje?

Ukipita shule yoyote ya msingi huku kwetu Tandahimba wakati mwalimu hayupo darasani, labda kaitwa ofisini kujaza takwimu au yupo kikaoni, utamkuta monita kasimama mbele na kipande cha chaki, ubaoni kaandika kwa herufi kubwa WAPIGA KELELE na chini yake majina yanashuka. Mengine yana x pembeni, x moja, x mbili, x tatu, na kila x ina hesabu yake mwalimu akirudi. Nenda Newala ipo, Masasi ipo, Nachingwea na Lindi mjini ipo, na wewe unayesoma hapa popote ulipo nina uhakika hiyo orodha unaijua, kama hukuandikwa basi wewe ndo ulikuwa unaandika.

Naanza na hiyo orodha kwa sababu inaonyesha vizuri kuliko kitu kingine macho yetu sisi walimu tumeyaelekeza wapi. Shule nzima imepangwa kumtafuta anayekosea, kuna monita, kuna kiranja pale njiani anaandika waliochelewa, kuna mwalimu wa zamu, mwalimu wa nidhamu, kitabu cha adhabu. Sasa niambie, nani kazi yake ni kumwona mtoto anayefanya vizuri? Kwenye masomo sawa, wa kwanza mpaka wa tatu wanaitwa mbele siku ya kufunga shule wanapewa madaftari na kalamu. Ila yule binti ambaye kila asubuhi anamshika mkono mdogo wake wa la kwanza mpaka mlangoni, yule kijana ambaye ugomvi ukianza anawavuta wenzake pembeni, hao kwenye darasa la watoto 90 mwalimu anaweza kumaliza mwaka hajawahi kutamka majina yao zaidi ya kwenye mahudhurio. Na mtoto ana akili, anaona. Akitulia haonekani, akigonga dawati anaitwa jina lake na la baba yake, darasa zima linageuka. Kwa mtoto ambaye nyumbani wako saba na mama yuko shambani toka alfajiri, kuangaliwa hata kwa ukali ni kuangaliwa.

Hili jambo halijaanza kusemwa jana. Mwaka 1968 kule Marekani watafiti watatu, Madsen, Becker na Thomas, walichapisha utafiti wao, waliingia kwenye shule ya msingi wakachukua watoto wachache waliokuwa wanawasumbua sana walimu wao, wakajaribu vitu kimoja kimoja huku mtu amekaa pembeni anahesabu kinachotokea. Wakaanza na sheria peke yake, mwalimu anaziandika, anazisoma kila siku, anawakumbusha. Tabia ikabaki karibu pale pale. Baadaye mwalimu akaacha kuhangaika na vituko vidogo vidogo na wakati huo huo akaanza kumsifia mtoto akimkuta anafanya kile kinachotakiwa, na hapo ndo darasa likageuka, na wenyewe waliandika kwamba inaelekea kile kusifia ndo kilikuwa ufunguo. Sasa angalia kuta zetu. Sheria za shule namba 1 mpaka 15, zimepakwa rangi nzuri kabisa kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, mtoto wa la pili hata kuzisoma hajaweza, halafu tunashangaa.

Hapa nieleweke vizuri maana walimu wenzangu wengi wanaruka kwenye hitimisho. Kuacha vituko vidogo ni vile vidogo kweli, kuguna, kugonga kalamu, kujinyonganyonga kwenye dawati. Mtoto anayempiga mwenzake au anayemtukana huyo huwezi kumwacha, unamsimamisha pale pale. Na kusifia si kusema "vizuri" kwa kila mtu mpaka neno linaisha ladha. Sifa inayofanya kazi inataja kitu chenyewe: "Umetoa daftari kabla sijasema, asante," "Mstari wa dirishani mmemsubiri mwenzenu amalize kusoma, nimependa hivo." Mtoto anajua amefanya nini na kesho anaweza kukirudia, na wa pembeni yake naye amesikia. Halafu kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya wenzetu hawawezi kukuambia, mabinti wa la sita na la saba waliotoka unyagoni hawapendi kabisa kusifiwa mbele za watu, wanaona wanafanywa watoto. Hao unamwambia kwa sauti ya chini ukipita karibu na dawati lake, au unamwandikia mstari mmoja kwenye daftari. Nimeona binti amebeba hicho kidaftari mpaka nyumbani kukionyesha.

Basi darasani kwangu monita anaandika WANAOSOMA. Chaki ile ile, ubao ule ule, x pembeni ikimaanisha umemsaidia na mwenzio. Mwanzoni monita aliandika marafiki zake, hilo nilitegemea, kwa hiyo kazi inazunguka kwa madawati, kila siku dawati lingine, na hata wale wasumbufu zamu yao inafika. Ukimpa chaki yule mtoto ambaye jina lake ndo lilikuwa la kwanza kwenye ile orodha ya zamani ukamwambia leo wewe ndo unatafuta wanaosoma, hebu muangalie uso wake anavyopita katikati ya madawati, anainama anachungulia daftari la huyu, la huyu, taratibu kabisa, kama mkaguzi kutoka wilayani.

Kitu cha pili ambacho nakiamini sana ni kwamba tabia inafundishwa. Tunasema "huyu mtoto hana adabu" kama vile adabu ni kitu alichokisahau nyumbani. Sisi watu wa Mtwara na Lindi hatupaswi hata kushawishiwa kwenye hili, maana jando na unyago ni nini kama si shule ya tabia? Kule hakuna anayemwambia mwali "uwe na heshima" halafu akamwacha. Anaonyeshwa namna ya kumsalimia mkubwa, namna ya kupokea kitu kwa mikono miwili, anafanya, anarudia, kuna nyimbo za kila jambo, na akitoka anapokelewa kwa vigelegele na kanga na ngoma, kijiji kizima kinamwambia tumeona umekua. Sikatai kwamba huko nako kuna mambo ya kurekebisha, bakora zipo, na kuwapeleka watoto wadogo mno kuchezwa mambo ya wakubwa silikubali hata kidogo. Ila ile njia ya kufundisha, kuonyesha, kufanya, kurudia, kusherehekea, ndo hiyo hiyo watafiti wanaiandika leo.

Kule Marekani kuna mfumo mzima umejengwa juu ya wazo hilo, kwa kifupi wanauita PBIS, yaani mfumo wa kuifundisha na kuisaidia tabia njema shule nzima, kina George Sugai na Rob Horner wa Chuo Kikuu cha Oregon ndo waliuweka sawa, na sheria yao ya elimu ya watoto wenye ulemavu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1997 ikautambua. Leo zaidi ya shule 25,000 kule zinautumia. Kule Maryland ulipimwa kwenye shule za msingi 37, nyingine zikapewa nyingine zikasubiri, na zile zilizoutumia watoto waliofukuzwa kwa muda walipungua na kesi za kupelekwa ofisini zikapungua. Ukiuangalia hauna maajabu. Shule inachagua mambo matatu au manne tu ya kusimamia, inayafundisha kwa vitendo kila mahali, mstarini, chooni, bombani, njiani, na walimu wote wanasema lugha moja. Wanakadiria kwamba watoto kama 80 kati ya 100 hiyo peke yake inawatosha, kama 15 wanahitaji msaada wa ziada kwenye vikundi, na 5 hivi wanahitaji mtu akae nao mmoja mmoja. Kwangu hiyo hesabu ni ya faraja sana, maana ukiwa na watoto 90 unaona wote wamekushinda, kumbe wanaokushinda kweli ni wachache na unaweza kuwapangia muda.

Sisi tulichagua Heshima, Usalama, Bidii. Wiki ya kwanza ya Januari kabla ya masomo kukolea tunatoka na watoto nje tunafanya mazoezi, mstari wa uji na vikombe vitupu, hakuna hata uji. Unasimamaje, kikombe unakishika wapi, aliye mbele yako ni wa la kwanza unafanyaje, umemwagia mwenzio unasemaje. Halafu namwita mkubwa mmoja wa la saba aonyeshe namna mbaya, anasukuma, watoto wanacheka, kisha aonyeshe namna nzuri. Mara mbili mara tatu. Kuna mzazi alipita akauliza mnacheza mchezo gani, ila siku uji wenyewe umefika jikoni mpishi ndo wa kwanza kuona tofauti, sufuria la moto katikati ya watoto mia kadhaa si jambo la mchezo.

Sasa kuna ule mchezo wa tabia njema, huu naupenda maana umetengenezwa kwa ajili ya darasa zima na sisi madarasa yetu ndo hayo. Ulijaribiwa Marekani kwenye darasa la nne lililokuwa limeshindikana, matokeo yakachapishwa 1969. Mwalimu aligawa darasa timu mbili, akataja tabia tatu nne zisizotakiwa wakati wa hesabu na wa kusoma, timu ikivunja inapigwa alama ubaoni. Timu yenye alama chache inashinda, na zote zikiwa chini ya kiwango walichopanga basi zote zinashinda. Zawadi ni vitu vya hapo hapo shuleni, kutangulia kwenye foleni ya chakula, muda wa kucheza mwisho wa siku. Fujo zikashuka sana mchezo ukiwepo, zikapanda ukitolewa, zikashuka tena uliporudishwa. Baadaye kule Baltimore wakaupeleka kwenye madarasa ya kwanza na ya pili kuanzia 1985, kwenye utafiti wa shule 19, wakawafuatilia wale watoto mpaka wamekuwa vijana wa miaka 19 mpaka 21. Wale wavulana waliokuwa wakorofi zaidi utotoni ambao walipitia ule mchezo, walioishia kwenye matatizo ya madawa ya kulevya walikuwa wachache kuliko wenzao ambao hawakuupitia. Mchezo wa la kwanza! Mimi hili nikilifikiria naona uzito wa kazi yetu, maana vijana tunaowaona pale stendi wameharibikiwa walikaa kwenye madawati yetu wakiwa na miaka saba.

Ukitaka kuujaribu, mambo machache. Timu zigawanywe mchanganyiko, usiwarundike wasumbufu pamoja. Usiuendeshe siku nzima, anza na dakika kumi na tano. Na linda yule mtoto anayeiangusha timu, maana wenzake watamsubiri njiani, kwa hiyo huwa natangaza timu bila kutaja jina la aliyekosea, na kama ni yule yule kila siku basi huyo tatizo lake ni kubwa kuliko mchezo na inabidi ukae naye peke yake. Zawadi ya kwangu kubwa kuliko zote ni kupiga kengele. Kengele yetu ni ringi ya gari imening'inizwa kwenye mwembe, unapiga kwa chuma, na timu iliyoshinda inatoa mtu mmoja akaigonge ya kwenda nyumbani. Haina gharama hata shilingi na sijaona mtoto hajaitaka.

Hao wachache wa mwisho ndo nataka nikae nao kidogo. Kuna kijana wa la tano, jina silitaji, kila mwalimu alikuwa na stori yake. Anafinya wenzake, anarusha vitu, anacheka kwa sauti kipindi kikiwa kimetulia. Kila mara adhabu ilikuwa kutolewa nje, anakaa chini ya mwembe mpaka kipindi kiishe. Tukakubaliana na walimu wenzangu tufanye kitu kimoja kabla ya kumpa adhabu nyingine yoyote, kila akifanya fujo tunaandika kwenye kaunta buku mambo matatu, nini kilikuwa kinaendelea kabla, amefanya nini, na baada ya hapo kimetokea nini. Basi. Haikuchukua muda mrefu mstari ukajionyesha wenyewe, fujo karibu zote zilikuwa kipindi cha Kiingereza na cha Kiswahili, na ndani ya hivyo vipindi ilikuwa pale ambapo watoto wanasoma aya kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na zamu ilikuwa imebaki watu wawili watatu ifike kwake. Hisabati alikuwa ametulia kabisa. Mtoto hajui kusoma. Yuko la tano anasoma kama wa la pili, na mwembe ulikuwa unamwokoa na aibu, sisi tulikuwa tunamtoa nje na yeye alikuwa anataka kutoka nje, kila siku tunampa kile anachokitafuta halafu tunasema mbona adhabu haimwingii.

Kwa watafiti hili ni jambo la msingi kabisa, kwamba tabia ina kazi, mtoto anaifanya ili apate kitu au ili akwepe kitu, na usipojua ni kipi unaweza ukawa unamwagilia maji gugu unalotaka kuling'oa. Tulichofanya ni hiki. Jioni anapewa sentensi mbili atakazosoma kesho, anazifanyia mazoezi na mwalimu kabla ya kwenda nyumbani, na kesho yake anaitwa kusoma hizo hizo. Akikwama ana alama yake, anasimamisha rula juu ya dawati na mwalimu anampitia bila kelele. Na kutolewa nje kukafutwa. Pamoja na hapo ana kadi, asubuhi anapita kwa mwalimu mmoja aliyechaguliwa, wanasalimiana, wanaangalia leo tunalenga nini, kila kipindi mwalimu anaweka alama, mwisho wa siku anarudi kwa yule yule wanaihesabu, anaipeleka nyumbani. Huu utaratibu wa kadi nao umefanyiwa tafiti nyingi na unafaa zaidi kwa watoto wanaopenda kuwa karibu na mtu mzima. Sisi tuliugeuza kidogo maana anaishi na bibi yake na bibi hasomi, kwa hiyo badala ya namba tunachora jua, wingu au mvua. Bibi anajua kabisa, kadi ikija na majua mengi anamwita jirani aje aone. Kijana bado ana siku zake za mvua, na kusoma bado anapambana, ila madawati ya jirani yake yametulia na kikubwa zaidi haogopi tena zamu ikikaribia.

Najua wengi mnaosoma hapa mnasubiri niseme kuhusu fimbo, haya. Kisheria fimbo haijafutwa Tanzania Bara, ila imewekewa mipaka ambayo walimu wengi hawajawahi kuisoma. Kanuni zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa na mkuu kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike labda kama shule haina, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Sasa linganisha na unachokiona. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na kama nusu yao walisema walimu waliwahi kuwapiga, wakiwa hawajafika miaka 18, kwa ngumi, mateke au kuchapwa. Nusu ya vijana.

Fimbo inanyamazisha, silipingi. Inanyamazisha pale pale na ukiwa umeishika. Ukiondoka monita anaanza kuandika majina. Na haijawahi kumfundisha mtoto kusoma ile aya. Hoja ya walimu kwamba tukiiacha watatupanda kichwani naielewa, nimekaa ofisini na hao walimu, ni watu wanaofundisha vipindi vingi, nyumba ina mgao wa maji, mshahara umeshakatwa mkopo, halafu mtu anakuja na semina ya siku moja anasema acheni fimbo anaondoka na posho yake. Semina ya namna hiyo haisaidii, na hata mpango mrefu kuliko huo unaweza kushindwa, ushahidi upo. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kulikuwa na programu inaitwa EmpaTeach, walimu walikutana kwa vikundi wiki kwa wiki wakijifunza kutuliza hasira na kuendesha darasa, mpango umeandaliwa vizuri, ukapimwa kwenye shule 27, na matokeo yaliyotoka 2021 yakaonyesha haukupunguza upigaji. Nawaheshimu sana waliotangaza hayo matokeo bila kuyaficha. Upande mwingine Uganda, wilaya ya Luwero, shirika la Raising Voices la Kampala lilipeleka Good School Toolkit, wakakaa na shule miezi 18, mwalimu mkuu ndani, walimu ndani, wanafunzi wana kamati yao, wazazi wameitwa. Ilipimwa kwenye shule 42, matokeo yakachapishwa 2015. Shule zilizoshiriki watoto 31 kati ya 100 walisema wamepigwa na walimu wiki iliyopita, zile ambazo hazijapata ni 49. Bado 31 ni wengi, lakini tofauti hiyo ni watoto halisi. Na hapa hapa kwetu kuna mafunzo ya siku tano na nusu kwa walimu wa sekondari za serikali, yalipimwa na matokeo yakatoka 2018, miezi mitatu baadaye walimu waliofundishwa walikuwa wamepunguza ukali na upigaji kuliko wenzao. Mimi nikiyaweka pamoja naona mwalimu akinyang'anywa fimbo bila kupewa kitu mkononi hata afanye nini itarudi, na kile kitu kikija na mwalimu mkuu yumo na wazazi wamo, kinashika.

Wazazi huku kwetu maana yake nini, hilo nalo ni somo. Barua ya shule tunaandika "Ndugu mzazi" tunategemea baba aje. Sasa Wamakonde, Wayao, Wamwera, Wamakua, ukoo wetu asili yake unafuata upande wa mama, na mtoto akishindikana wa kuitwa ni mjomba. Baba anaweza kuja akasikiliza akaitikia ndio mwalimu, akifika nyumbani neno lake halina uzito kama la mjomba. Tulipoanza kuwaalika wajomba kwenye vikao, mambo mengi yaliyokuwa yamelala yaliamka. Na jambo lingine, tunapiga simu kwa mambo mema. Mzazi akiona namba ya mwalimu moyo unashtuka, anajua mtoto kaharibu. Mpigie umwambie "Shikamoo mama, mwanao leo kamsaidia mwenzake aliyeanguka, nilitaka ujue, ni hilo tu." Kuna mama alininyamazia kwenye simu nikadhani mtandao umekatika. Siku ukimpigia kwa tatizo atakusikiliza maana ameshajua humchukii mtoto wake.

Mtihani wetu mkubwa lakini ni korosho. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili utoro unapanda, watoto wako chini ya mikorosho wanaokota, wengine mashamba ya nyumbani, wengine wanalipwa kwa ndoo, wengine wanapeleka vikilo kwa watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa njia za panya, wanapata hela ya daftari na ya maandazi. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kuwasubiri mstarini Jumatatu na bakora. Ukijiuliza lile swali, tabia hii inampa nini, jibu liko wazi, inampa hela na inaisaidia nyumba yake, na bakora nne hazishindani na hela. Kwa hiyo kwenye kikao cha mwaka huu tuliwaomba wazazi na wajomba wakubaliane muda, watoto waokote baada ya shule na Jumamosi, asubuhi wawe darasani, na asiye na daftari aje aseme tutafute pamoja badala ya kukimbilia kangomba. Upande wetu uji uwepo kila siku msimu mzima, maana mtoto aliyetoka nyumbani bila chochote akaona wenzake wana hela ya maandazi huwezi kumshika. Na mahudhurio yatahesabiwa kwa safu za madawati, safu iliyotimia wiki nzima ndo inagonga kengele Ijumaa. Mjomba mmoja akasimama akasema yeye atapita mwenyewe mashambani asubuhi kuwarudisha, wengine wakacheka, mwingine akasema tutapita wote. Mahindi ya uji yameshaanza kuletwa, kilo zinaandikwa kwenye daftari la kamati, na kikao kingine ni mwezi wa tisa kabla msimu haujakolea, hiyo ndo ajenda ya kwanza.